Kiini huria: programu ya bure yenye toleo la kulipia

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na waundaji wake, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzake, mradi afuate masharti ya leseni. Kuna kampuni zinazotoa programu kwa njia hiyo, kisha zinajenga juu yake toleo la pili lenye nyongeza ambazo si huria, na ukizitaka sharti ulipe. Mtindo huo wa biashara ndio kiini huria: kiini ni cha wote, nyongeza ni mali ya kampuni.

Chukua Odoo, programu ya kuendeshea biashara kutoka Ubelgiji, ambayo tangu 2015 ina matoleo mawili, Community na Enterprise. Mwenye agrovet mjini Nakuru anaweza kumwita fundi amwekee Community kwenye kompyuta ya dukani bila kulipia leseni hata senti. Atauza kwenye kaunta, ataona magunia ya mbolea yaliyobaki stoo, atamwandikia ankara mkulima wa Njoro aliyechukua dawa ya ng'ombe kwa mkopo. Mambo yananyooka. Kisha benki inataka kuona mizania kabla ya kumkopesha, naye anataka kulinganisha taarifa ya akaunti na mauzo ya mwezi. Hapo anagundua kwamba moduli kamili ya uhasibu, yaani sehemu ya programu inayoshughulikia hesabu, iko Enterprise, na Enterprise hulipiwa kwa kila mtumiaji. Yeye, kijana wa kaunta na mhasibu tayari ni watu watatu. Njia nyingine ni moduli huria za uhasibu zinazotengenezwa na wanajumuiya wa Odoo wenyewe, lakini lazima apate fundi anayezifahamu.

Je, ni halali kutoza? Ni halali kabisa. Hata GPL, leseni ambayo Richard Stallman, mwanaharakati wa programu huru, aliitoa mwaka 1989 kulinda uhuru wa watumiaji, hairuhusu tu kutumia bure, inaruhusu na kuuza. Inachokataza ni kuuchukua msimbo wa wengine, kuuboresha, halafu kuusambaza ukiwa umefungwa. Ila mwenye hakimiliki hafungwi na leseni anayowapa wengine: msimbo uleule anaweza kuutoa kwa GPL kwa umma na kwa leseni ya kibiashara kwa anayelipa. Ndiyo maana kampuni nyingi humtaka anayechangia msimbo atie sahihi kwanza mkataba unaoipa kampuni haki hizo. Leseni zenye masharti machache kama MIT zenyewe humruhusu mtu yeyote kufunga nyongeza zake.

Tusichanganye jambo hili na malipo ya kazi. Fundi wa Kisumu anayeiwekea shule Moodle, programu huria ya masomo ya mtandaoni, na kutoza siku zake mbili za kazi hajauza toleo lililofungwa. Ameuza jasho lake. Kampuni ya Red Hat nayo ilijengeka kwa kuuza huduma na matunzo ya programu ambayo msimbo wake ni huria.

Na si lazima kila programu kubwa iwe na toleo la kulipia. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU pale Eldoret, wakati kliniki za VVU zilipokuwa zikizidiwa na wagonjwa. Hauna toleo la matajiri. KenyaEMR inayotumika katika vituo vya afya nchini imejengwa juu yake. Mimi naona fahari kubwa katika hilo, kwamba kazi hiyo ilianzia huku kwetu magharibi mwa Kenya.

Swali zito kuhusu kiini huria ni mpaka kati ya cha bure na cha kulipia umewekwa wapi, na nani anaweza kuusogeza. GitLab, kampuni ya programu ya kutunzia msimbo, wameandika kanuni yao wazi: kinachomfaa mfanyakazi mmoja mmoja hubaki bure, kinachotakiwa na wakubwa wa kampuni hulipiwa. Huo naona ni mpaka wa haki. Kufungia usalama wa data upande wa kulipia, hapana. Duka dogo linahitaji usalama sawa na benki.

Mpaka pia huhama. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia seva, kwenye leseni huria, na watumiaji wakachukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenTofu. Kabla ya hapo, kampuni ya Oracle ilipokuwa ikiinunua kampuni ya Sun, mmiliki wa hifadhidata ya MySQL, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, Michael Widenius, alichukua msimbo akaanzisha MariaDB, yenye jina la bintiye mdogo, Maria. Leseni huria ndiyo iliyowapa haki ya kuondoka na msimbo. Nyongeza zilizofungwa haziondoki nao.

Basi kabla hujaingiza bidhaa ya kwanza kwenye programu, mwombe fundi akuonyeshe orodha ya yaliyo upande wa kulipia, bei kwa kila mtumiaji, na namna data yako itakavyotoka ukiamua kuhama. Kwa Odoo iliyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, data hukaa ndani ya PostgreSQL, hifadhidata huria isiyomilikiwa na kampuni yoyote, na nakala yake unaweza kuichukua kila jioni. Ila kurudi kutoka Enterprise hadi Community ni kazi ya fundi, si ya kubonyeza kitufe, na bei ya kazi hiyo iulize mapema.