Furu wa Ziwa Victoria: spishi changa zenye jeni za kale

Furu, ambaye Wajaluo humwita fulu na Waganda humwita nkejje, ni samaki mdogo wa Ziwa Victoria ambaye bei yake sokoni haiikaribii ya sato wala sangara. Hata hivyo, kwa wanaochunguza mageuko ya viumbe, ni vigumu kumpata samaki mwingine mwenye mengi ya kufundisha kiasi hiki. Ziwa hili limekadiriwa kuwa na spishi zipatazo 500 za furu zisizopatikana kwingineko. Wapo wanaovunja konokono kwa meno mapana, wapo wanaokwangua mwani kwenye miamba, wapo wanaowinda samaki wenzao, na wapo hata wanaoishi kwa kula mayai na makinda ya furu wengine.

Jambo linaloshangaza ni umri wao. Mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Mabadiliko mapya ya vinasaba hutokea kwa nasibu na polepole, na mengi hayana faida yoyote kwa kiumbe anayeyapata, kwa hiyo kipindi kifupi kama hicho hakiwezi kutosha kuzalisha spishi mamia kwa mabadiliko mapya peke yake.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2017, wakati wanabiolojia Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walipochapisha uchunguzi wa jenomu, yaani jumla ya vinasaba, za samaki hawa. Walibaini kwamba furu wa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani, yakiwemo Edward na Kivu, wana asili ya uchotara: koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana na kuzaliana. Kila ukoo ulileta jeni zilizokwisha kujaribiwa na mazingira yake, na machotara wakapata michanganyiko ambayo hakuna ukoo uliokuwa nayo peke yake, kama karata za seti mbili zinapochanganywa na kugawiwa upya.

Jeni moja inastahili kuelezwa kwa kirefu, nayo ni ile inayotengeneza opsini, protini ya jicho inayopokea mwanga mwekundu. Jeni hiyo ina aina kuu mbili, na kila aina ilitoka kwa ukoo wake. Katika ziwa lenye chembechembe nyingi, mwanga wa buluu hupotea karibu na uso wa maji, na kina kinapoongezeka hubaki mwanga unaoelekea wekundu. Madume ya furu ambaye jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia, wenye rangi ya buluu, huishi karibu na uso. Yale ya Pundamilia nyererei, spishi iliyopewa jina la heshima la Mwalimu Nyerere, ni mekundu na huishi chini zaidi. Majike huchagua dume kwa rangi wanayoiona vizuri, na uchaguzi huo ndio unaozitenga spishi hizi mbili, ambazo bado zina uwezo wa kuzaliana.

Hapo ndipo penye hatari. Kwenye visiwa vya Ghuba ya Mwanza vyenye maji maangavu kiasi, Seehausen na wenzake walikuta spishi mbili zilizo wazi. Penye maji machafu zaidi walikuta kundi moja lenye rangi za kila namna katikati. Mbolea, maji taka na udongo unaosombwa kutoka mashambani huweza, basi, kuifuta spishi bila kumuua samaki hata mmoja. Kwa maoni yangu, uwazi wa maji, unaopimwa kwa kisahani cha kushushwa kwa kamba, unastahili kufuatiliwa kwa bidii ileile inayotumika kuhesabu shehena za sangara.

Sangara mwenyewe aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu zikatoweka au zikabaki chache mno. Tangu miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu wamerudi, wengine wakiwa na maumbo tofauti na ya awali. Vielelezo vilivyokusanywa kabla ya sangara kutawala vimehifadhiwa kwenye makumbusho, na kuvilinganisha na samaki wa leo kunatuwezesha kujua ni kiasi gani cha utajiri ule wa kale kimesalia.