Swali Gumu Si Lazima Liwe Swali la Upendeleo

Kundi moja la wanafunzi likipata wastani wa chini katika kipimo cha uwezo wa akili, husikika kauli mbili: kipimo kibovu, au watoto hao hawana akili. Zote ni za pupa. Tofauti ya wastani peke yake haithibitishi upendeleo. Huenda inafichua tu nani alifundishwa vizuri na nani aliachwa nyuma.

Sisi tunaotunga vipimo huutafuta upendeleo swali kwa swali. Tunachukua watahiniwa wa makundi mawili waliopata jumla sawa, tuseme 30 kati ya 50, kisha tunatazama swali moja tu. Kwa kuwa uwezo wao unakaribiana, walitarajiwa kulipata kwa kiwango kimoja. Wa upande mmoja wakilikosa mno, kuna jambo la ziada linalopimwa. Mfano maarufu ni swali la SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vikuu Marekani: mkimbiaji kwa marathoni ni kama nani kwa nini? Jibu lilikuwa mpiga makasia kwa "regatta", yaani mashindano ya mashua. Swali lilikusudia kupima uwezo wa kuona uhusiano, lakini asiyezijua mashua za mashindano alikwama kabla ya kufika huko.

Hesabu hiyo hainasi kila kitu, na wenzangu wengine hupenda kulisahau hili: kama kipimo kizima kimeelemea upande mmoja, ile jumla tunayoilinganisha nayo imeelemea vilevile. Kuweka michoro badala ya maneno pia si dawa. Mwaka 1917 jeshi la Marekani liliwapa wasiojua kusoma kipimo cha picha, na mojawapo iliwataka watambue kinachokosekana kwenye uwanja wa tenisi. Ni wavu, lakini asiyewahi kuona tenisi angejuaje?

Kuna pia matumizi ya alama. Wanasaikolojia Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 ili watoto wanaohitaji msaada wajulikane. Mwaka 1979, mahakama huko California ilizuia vipimo vya akili kutumiwa kuwapeleka watoto weusi katika madarasa ya waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Mpaka wa madarasa ya namna hiyo mara nyingi huwekwa kwenye alama 70 (wastani wa watoto wote ukiwa 100), ilhali mtoto yuleyule anaweza kupata 68 leo na 73 akipimwa tena. Kwa hiyo mzazi akiletewa namba moja tu, ana haki ya kuuliza mtoto alipimwa kwa lugha gani, na mwalimu wake anasemaje.