Ser na estar: kanuni ya "kudumu" inapoteza watu

Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": ser (*es, son*) na estar (*está*).

Dhana: ser ni ya mambo ya kudumu, estar ni ya mambo ya kupita.

Ndiyo kanuni ya kwanza anayopewa mwanafunzi wa Kihispania, na ndiyo ya kwanza kumwangusha. Kuna hali ya kudumu kuliko kifo? Lakini Wahispania husema *está muerto*, amekufa, kwa estar. Saa haikai mahali pamoja, nayo hutajwa kwa ser: *son las tres*, ni saa tisa. Madrid nayo haijahama, bado ni *Madrid está en España*.

Ukweli: ser husema kitu ni nini au ni cha namna gani. Estar, iliyotoka kwenye Kilatini *stare*, kusimama, husema kipo wapi au kimo katika hali gani.

Mswahili ana njia ya mkato hapa: -me-. Amekufa, amechoka, ameketi, ameoa: *está muerto, está cansado, está sentado, está casado*. Hali iliyobaki baada ya tendo, mara nyingi ni estar. Na penye -ko, -po au -mo, anza kufikiria estar vilevile. Mtego uko kwenye "ni". Sisi husema "Juma ni mgonjwa", wao *está enfermo*. Afadhali ukumbuke "anaumwa".

Sifa ndizo zenye utamu. Ndizi *es verde*, ni ya kijani, kwa rangi yake. *Está verde* haijaiva. Dada *es lista*, ana akili. *Está lista*, yuko tayari. Wali ukikukolea sema *está rico*. Ukisema *es rico* kuhusu mpishi, umemwita tajiri (huenda akafurahi zaidi).

Dhana: basi kila penye "wapi" ni estar.

Si kwa shughuli. *La boda es en Tanga*, lakini *la novia está en Tanga*. Sikiliza Kiswahili: "harusi ni Tanga" tunasema, "bibi harusi ni Tanga" hatusemi.

Dhana: conocer ni kujua watu, saber ni kujua vitu.

Aliyefika Zanzibar akaizoea, *conoce Zanzíbar*, na hicho si kiumbe. Conocer ni kufahamiana na mtu au mahali; saber ni kuwa na habari au ujuzi: *sabe nadar*, anajua kuogelea. Wakati uliopita wa tendo lililokamilika huzigeuza kidogo: *conocí a tu hermano* ni nilikutana naye mara ya kwanza, *supe* ni nilipata habari. Msemaji wa Lubumbashi au Goma aliyesoma Kifaransa anazo tayari *savoir* na *connaître*, zinazogawana kazi vivyo hivyo.

Dhana: pedir na preguntar zinachanganya.

Zinamchanganya anayepitia Kiingereza, chenye neno moja kwa zote mbili. Kwetu ni kuomba na kuuliza. Mkahawani unauliza bei, *pregunto el precio*. Ukishashiba unaomba bili, *pido la cuenta*.