Drohobych: historia ya mji wa chumvi, kuanzia kisimani

Historia nyingi za Drohobych, mji wa magharibi mwa Ukraina chini ya milima ya Karpati, hupangwa kwa watawala: wafalme wa Poland, Austria tangu 1772, Poland tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasovieti 1939, Wajerumani 1941, Wasovieti tena 1944, Ukraina huru 1991. Orodha hiyo haina kosa, ila haikuambii walichokuwa wakigombea. Afadhali kuanzia kisimani.

Ardhi ya huko ina udongo wa mfinyanzi uliojaa chumvi. Maji yakipenya huishiba, hadi gramu 36 hivi kwa kila gramu 100 za maji. Wenyeji walichimba kisima, wakayateka, wakayachemsha katika masinia mapana ya chuma. Kuyapoza kusingesaidia: chumvi hii huyeyuka karibu kiasi kilekile kwenye maji ya moto na ya baridi, kwa hiyo sharti maji yenyewe yatoke. Kilo 1 ya chumvi hudai lita 2.8 hivi ziishe kwa mvuke. Hata joto lisipopotea hata chembe, hizo ni takriban nusu kilo ya kuni kavu. Na sinia la wazi hupoteza joto jingi. Ndiyo maana msitu ulikuwa mali sawa na kisima. Maji ya mvua yakiingia kisimani na kupunguza ukali wa chumvi kwa nusu, kuni huenda mara mbili na zaidi.

Kazi ina mitego yake. Jasi, madini yaliyomo majini humo, hutangulia kuganda na kufanya ukoko chini ya sinia kama wa wali. Usipokwanguliwa, joto halipiti vizuri na chuma huungua hadi kutoboka. Na usikaushe sinia kabisa. Maji ya mwisho yana magnesiamu, ambayo huifanya chumvi iwe chungu na kila mara iwe na unyevu. Hayo humwagwa.

Chumvi mbichi ilishindiliwa kwenye vyombo, ikakaushwa motoni, ikatoka vipande vya umbo la pia vilivyoitwa topka. Topka tisa zimo kwenye nembo ya mji hadi leo. Kanisa la mbao la Mtakatifu Georgi, lililo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2013, lililetwa katika karne ya 17 kutoka kijiji cha Nadiiv, na inasimuliwa kwamba lililipiwa kwa chumvi.

Chumvi ilivuta wafanyabiashara na watu wa kila dini. Kabla ya Vita Kuu ya Pili palikuwa na msemo kwamba Drohobych ni mji mmoja na nusu: nusu ya Wapoland, nusu ya Waukraina, nusu ya Wayahudi. Hesabu hiyo haijumliki, lakini inaueleza mji kuliko sensa.

Kisha mafuta. Boryslav, jirani tu, ilikuwa na mafuta ya petroli karibu na uso wa ardhi. Wachimbaji walishuka kwenye mashimo ya kuchimbwa kwa mkono, na gesi iliwaua wengi humo. Mwaka 1909 Galicia, jimbo la Austria lenye miji hii, lilitoa tani milioni 2 hivi za mafuta, na Drohobych ikapata viwanda vya kuyasafisha. Ni utajiri huohuo uliowavuta majeshi ya vita vyote viwili.

Wajerumani waliwaua karibu Wayahudi wote wa mji. Mwandishi na mchoraji Bruno Schulz alipigwa risasi barabarani tarehe 19 Novemba 1942. Ule msemo wa nusu tatu uliishia hapo.

Kiwanda cha chumvi bado kinafanya kazi. Vita na Urusi viliposimamisha migodi mikubwa ya chumvi ya Soledar, mashariki mwa Ukraina, mwaka 2022, Waukraina wengi waliigeukia chumvi ya Drohobych. Isingeweza kuziba pengo hilo: Soledar mashine zilikuwa zikikwangua mwamba wa chumvi iliyo tayari, ilhali Drohobych kila kilo bado inadai moto.