Setilaiti Haihesabu Mizoga

"Afisa, ng'ombe wangu saba wamekufa, picha ndizo hizi. Nalipwa lini?" Ujumbe wa namna hii kuhusu bima ya mifugo huingia kwenye simu yangu kila ukame unapokaza, na safari hii nimeona heri niandike. Picha zenyewe zinaumiza: mzoga umelala ubavu kando ya kisima, ngozi imegandana na mbavu. Lakini hata ukinitumia mia, haziingii kwenye hesabu yoyote.

Bima ya mifugo inayogharamiwa kwa msaada wa serikali huku kaskazini mwa Kenya hailipi kifo. Inalipa upungufu wa malisho. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi msimu mzima wa mvua, kisha eneo lako linalinganishwa na historia yake lenyewe, si na Kitale wala na kaunti jirani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wawakilishi wa wadi wanaosimama barazani na kuwaahidi watu fedha. North Horr ni kavu kila mwaka, na ukavu huo wa kawaida haulipwi. Katika KLIP, mpango wa serikali wa bima ya mifugo ulioanza Turkana na Wajir mwaka 2015, malipo yalianza pale tu msimu ulipoangukia katika ile mibaya zaidi, takriban mmoja kwa kila mitano, na yakapanda kadiri hali ilivyozidi kuharibika. Tena eneo zima la bima hupata kiwango kimoja. Aliyepoteza ng'ombe saba na ambaye hajapoteza hata ndama hulipwa sawa kwa kila mnyama aliyekingiwa.

Mnaniambia huo ni uonevu. Jamani, ukilipa kwa mzoga, fedha zinafika mnyama ameshaoza! Bima ilipoanza Marsabit mwaka 2010, faharasa yake, yaani kipimo kinachoamua malipo, ilikadiria vifo, na malipo yakaja ukame ukiwa umeshamaliza kazi yake. Pengine imani hii ya kulipwa kwa mzoga iliota mizizi hapo. KLIP ikageuza mambo: hesabu ifungwe mvua zinapokwisha, ili kiangazi kikianza uwe na hela ya marobota ya nyasi, maji ya bowsa na dawa ya minyoo. Mfugaji aliyelipwa na mifugo yake ikabaki hai ndiye bima imemfaa kuliko wote. Mbona tunamwita mwizi kwa kuwa hakupoteza mnyama?

Kuhusu kiasi, kwa ufupi: chini ya KLIP serikali ililipa ada yote kwa ng'ombe 5, au mbuzi na kondoo 50. Mwenye ng'ombe 80 hakuwahi kukingiwa 80. Siku hizi, chini ya mradi wa DRIVE uliofuata KLIP, mfugaji huchangia sehemu ya ada. Fedha za HSNP, msaada wa serikali kwa kaya maskini, ni jambo jingine kabisa, msizichanganye.

Sasa yanayoninyima usingizi. Mathenge, mti wa miiba ulioenea huku, hubaki kijani hata nyasi zikiisha, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji ya chini. Setilaiti inaona uhai. Ng'ombe haoni chakula. Majani hayaliki, na maganda yake matamu huharibu meno: Wailchamus wa Baringo waliwahi kumpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyeng'oka meno kwa ajili ya mti huo. Penye mathenge mengi, siziamini namba zetu kama ninavyoziamini kwingine.

Halafu kuna mvua ya kwanza baada ya ukame. Mbuzi waliokonda hufa kwa baridi usiku mmoja, siku zile zile setilaiti inapoonyesha nafuu. Na kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Nchini walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Malipo ya msimu mmoja hununua nyasi za msimu mmoja. Kufikia wa tatu, nyasi zenyewe hazipatikani kwa bei ya mfugaji. Kwa ukame wa urefu huo sioni kwamba bima peke yake inatosha, hata ikilipa kwa wakati.

Kwa hiyo acheni picha, niulizeni ramani. Tazameni mpaka wa eneo lenu la bima: je, ndiko mifugo yenu inakochunga kweli? Kama sivyo, lalamikeni sasa, kabla mvua hazijaanza, maana msimu ukishafunguliwa mpaka hauguswi.