Chura wa Miwa na Sumu Yake: Maswali na Majibu kwa Waswahili Waishio Queensland

Huyu ni chura gani?
Ni chura mkubwa mwenye ngozi kavu yenye vipele, asili yake Amerika ya Kati na Kusini, aliyeletwa Queensland, Australia, kutoka Hawaii mwaka 1935 ili ale mbawakawa walioharibu miwa. Mbawakawa hakuwamaliza, ila yeye mwenyewe ameenea hadi Northern Territory na Western Australia, na usiku huonekana akivizia wadudu chini ya taa ya baraza.

Sumu iko wapi?
Iko kwenye tezi mbili zilizovimba nyuma ya macho, ambazo zikiminywa hutoa utomvu mweupe mzito. Lakini pia imo katika ngozi, viungo vya ndani, mayai na viluwiluwi. Hufanya kazi kama digoksini, dawa ya moyo, iliyozidi kipimo: mgonjwa hutapika, tumbo humuuma, na mapigo ya moyo hupungua au kuvurugika.

Akichunwa na kuchemshwa vizuri, si ataliwa?
Haliwi. Moto hauiondoi sumu hii, na wapo watu waliokufa baada ya kula chura wa aina hii, mayai yake au supu yake. Aliyezoea kula vyura kwao asidhani kuwa huyu ni yule yule.

Mtu amemla, lakini yuko salama. Tusubiri tuone?
Hapana. Msisubiri atapike, msisubiri kutapika kukome, na kwa hakika msisubiri kupambazuke. Pigeni simu mara moja kituo cha ushauri wa sumu, 13 11 26, kinachopokea simu saa 24. Akizimia, akipata degedege au akishindwa kupumua, pigeni 000. Hospitalini moyo hupimwa kwa mashine, damu huangaliwa kiwango cha potasiamu, na ipo dawa ya kuzuia sumu ya digoksini ambayo madaktari huitumia pale inapohitajika.

Maziwa je?
Hapana, na naomba jibu hili lifike kwa kila bibi na kila shangazi. Maziwa hayaui sumu. Hospitalini tunapokea wagonjwa wa sumu za kila namna wakiwa na madoa ya maziwa kifuani, na ukiuliza walikunywa saa ngapi, unaambiwa jana jioni. Muda wote huo familia ilikuwa inangoja maziwa yafanye kazi. Msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimtapishe kwa kidole. Pigeni simu.

Utomvu ukiingia jichoni?
Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kulisugua, kisha piga namba hiyo hiyo.

Mbwa akimng'ata chura?
Futa ufizi na ulimi wake kwa kitambaa kibichi, ukikisuuza mara kwa mara. Ukitumia mpira wa maji, elekeza kichwa chake chini na maji yapite pembeni mwa mdomo yakitoka nje, yasishuke kooni. Akitokwa na mate mengi, akiyumba au akitetemeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huo huo. Naye hahitaji maziwa.