Anza na Jumanne

Kila ifikapo wiki ya pili ya Januari, kiti cha wageni ofisini kwangu hakipoi. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha hapa Dar es Salaam kwa miaka 14, na mwezi huu watu huja na kitu ambacho miezi mingine hawaji nacho: karatasi. Imekunjwa mara nne, imo kwenye pochi au mfuko wa shati, na ndani yake umeandikwa mwaka mzima. Kununua kiwanja. Kupunguza kilo kumi. Kusoma shahada ya pili. Kufungua duka. Kumrudia Mungu. Naisoma yote taratibu, kwa sababu mtu haandiki mambo hayo bila kuyatamani kweli. Kisha nauliza: Jumanne iliyopita ulifanya nini, tangu ulipoamka hadi ulipolala?

Wengi hunyamaza. Wanakumbuka walichovaa harusini mwezi Novemba, lakini Jumanne ya juzi haimo kichwani.

Mimi Jumanne ndiyo siku ninayoiamini. Jumamosi na Jumapili zina sherehe, ibada na wageni. Jumatatu mtu bado anapambana na usingizi wa wikendi, na Ijumaa mchana nusu ya akili imeshaondoka kazini. Jumanne haijipambi kwa ajili ya yeyote. Kiwanja utakinunua siku moja, na picha utapiga siku hiyohiyo. Jumanne utaziishi kama 52 kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo anayetaka maisha yanayomtosheleza namwomba aiweke kando karatasi ya malengo, aanze na siku hiyo.

Kazi ya kwanza ninayompa ni daftari la siku saba. Kila saa, mstari mmoja: nilikuwa wapi, na nani, nafanya nini. Hajihukumu, anaandika tu. Usiku kabla ya kulala anarudi kuweka alama pembeni. Jumlisha ni pale alipojisikia yu hai. Kutoa ni pale alipojisikia amekamuliwa. Duara ni pale asipokumbuka hata alichokuwa akifanya. Hizo duara huwa nazitazama kuliko alama nyingine zote.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike. Mwalimu wa sekondari, hajafika miaka 40, alikuja akisema maisha yamekosa ladha. Juu kabisa ya karatasi yake aliandika shahada ya uzamili, akapigia mstari mara mbili, halafu akaniambia hana muda wa kusoma hata ukurasa mmoja. Tukafungua daftari, tukapiga hesabu. Wiki ina saa 168. Usingizi saa 7 kwa siku, jumla 49. Kazi 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki katika Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Daladala na foleni, saa 3 kwa siku tano, 15. Kupika, kufua, kuogesha watoto na kusimamia kazi zao za shule, saa 4 kila siku, 28. Ibada, soko, na vikao viwili vya harusi za watu wa mbali kabisa, 13. Zilibaki 18. Daftari lilisema zimekwenda kwenye simu, zaidi ya saa mbili na nusu kila usiku, kitandani, akipandisha na kushusha kwenye magrupu, na karibu zote zilikuwa na duara.

Sikumwambia aitupe simu. Mtu aliyechoka namna ile huishika simu kwa sababu ndicho kitu pekee kisichomdai. Nilimuuliza alama za jumlisha ziko wapi. Wiki nzima zilikuwa tatu, na mbili zilikuwa za kuimba: mara moja jikoni, mara moja akiwafundisha wanafunzi wimbo wa mahafali. Aliwahi kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wake. Aliacha alipopewa kazi ya mwalimu wa taaluma, miaka sita nyuma, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza. Alipolisema hilo alilia, na nilimwacha alie.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza mahitaji matatu ya nafsi ambayo binadamu akiyakosa hunyauka hata kama mshahara unaingia: kujiamulia mambo yake, kukiweza kitu na kuendelea kukiweza zaidi, na kuwa karibu na watu wanaomjali. Kwaya ilikuwa inampa mwalimu yule yote matatu kwa nauli ya bajaji. Shahada ingempa la pili, na kwa miaka miwili ingemla sana kwenye la tatu. Sijamzuia kusoma, na huenda akasoma. Ila alikuwa anakwenda kukitafuta chuoni kitu alichokiacha kanisani.

Sasa, kusema “nitarudi kwaya” hakutoshi. Nia ya namna hiyo huishia kwenye foleni ya saa kumi jioni. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba nia hutekelezeka zaidi ikifungwa kwenye mahali na tukio maalumu: likitokea hili, nafanya lile. Mwalimu aliandika hivi: “Jumanne nikishuka kituoni, sipandi bajaji ya nyumbani. Navuka barabara, naenda kanisani.” Tukajadili pia nani atapika usiku huo, kwa sababu mpango wa mama mwenye familia usiojibu swali hilo utavunjika wiki ya pili, na lawama atabebeshwa yeye. Mumewe aliikubali Jumanne. Alhamisi aliikataa. Akaanza na Jumanne.

Watu huniuliza itachukua muda gani mpaka jambo lizoeleke. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na utafiti wao ukachapishwa 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Ukihesabu kuanzia Januari 1, siku ya 66 ni Machi 7. Wengi tunajiita wazembe kabla hata Januari haijaisha, wakati hatujafika hata nusu ya njia ya mtu wa kawaida. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana katika utafiti ule. Naomba msomaji ulichukue hilo kwa uzito, maana nimeona watu wakiacha jambo jema kwa sababu ya Jumanne moja ya mvua.

Kuna wateja ambao daftari lao silifungui mapema. Mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, anayepigiwa simu na wadai mara kumi kwa siku huku ada ya mtoto na kodi ya nyumba vikigonga Januari ileile, hahitaji kuambiwa abadilishe mtazamo. Naumia sana ninaposikia wahamasishaji wakimwambia hivyo. Huyo tunakaa na orodha ya madeni: nani anadai, riba kiasi gani, nani anaweza kuongezewa muda, ndugu gani aambiwe ukweli. Ni kupanga maisha vilevile, na mara nyingi siku anayomwambia mwenzi wake kiasi halisi cha deni ndiyo siku anayolala usingizi.

Tarehe moja Januari sigombani nayo. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha 2014 kwamba mwanzo wowote, wa wiki, wa mwezi, wa mwaka, hata siku ya kuzaliwa, humpa mtu msukumo wa kuanza upya. Sisi wa pwani tuna milango mingi zaidi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Siku ya Mwaka husherehekewa Julai: wanaume wanapigana kwa magomba ili kutoa kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba. Kalenda hiyo ya jua, waliyoifuata wakulima na wavuvi, iliugawa mwaka katika miongo, na mwongo mmoja ulikuwa siku kumi. Leo mwongo tunaujua kwa miaka kumi tu. Mimi wateja wangu nawapangia kwa ule wa zamani. Siku kumi mtu anaziona zote, na ndani yake Jumanne haikosekani.

Kile kinyongo cha Makunduchi nakifikiria sana pia. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya watu tangu 1938, kwanza wanaume 724, na waliokuwa wameridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Kwa hiyo swali la mwisho ninalouliza kabla mtu hajaondoka na daftari lake ni hili: jina gani halimo humu, na lilipaswa kuwemo?

Daftari langu la mwaka huu halikuwa na jina la kaka yangu. Tuligombana kwa sababu ya shamba la marehemu baba, na ilikuwa mwaka wa tatu hatusemezani. Nikaandika: Jumanne, nikishatoa vyombo mezani, nampigia. Wiki ya kwanza alipokea, tukaongea dakika nne, zote za mvua na mahindi. Wiki iliyopita simu iliita mpaka ikakata. Kesho ni Jumanne.